Mishumaa Miwili, Pumzi Tatu

Mambo yote yale yalinigharimu lita tisa za mafuta ya kupikia, taulo moja jeupe, wateja saba wa kudumu na usingizi wa siku kumi na moja. Nimehesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilisahau taulo. Kwa nilichopata ilikuwa bei ya kutupa, na mimi si mtu wa kusema hivyo kirahisi. Tangu nianze kuongea sijawahi kukubali bei ya kwanza ya kitu chochote. Juma lililopita nililetewa sanduku la viatu kutoka Johannesburg, limezungushiwa utepe wa gundi mara nane, na ndani yake mlikuwa na glasi ndogo nene na karatasi iliyokunjwa. Nilijua litakuja. Mpwa wa Bi Khorshed alikuwa amenipigia simu asubuhi ile aliyofariki shangazi yake, akaniambia kwamba bibi ameondoka usingizini, akiwa na miaka tisini na mmoja, na ameacha vitu vitatu vyenye majina ya watu. "Kimoja kina jina lako," akasema. Nimekiweka mezani jikoni kwangu, sijaifungua karatasi bado, maana najua nikiifungua sitaandika tena. Kwa hiyo naandika kwanza.

Habari za ukoo wangu naziruka. Zina vita ndani yake, na vita vya kwetu vimeshaandikwa na wenye kalamu nzuri kuliko yangu. Itoshe kwamba nilitoka Uvira, mashariki ya Kongo, kwamba mwaka 2008 nilikuwa na miaka ishirini na minne, na kwamba nilikuwa nauza mikanda Durban, Afrika Kusini, katika soko la Warwick, chini ya daraja, ubavuni mwa mama mmoja Mzulu aliyechemsha vichwa vya ng'ombe. Mikanda yangu ilikuwa plastiki. Mimi nilikuwa nasema ni ngozi. Sikuuita uongo, niliuita kuongea na mteja. Jumapili nilikwenda kanisani nikaimba kwa sauti, na Jumatatu nikarudi mezani kuapa kwa jina la mama yangu kwamba mkanda umetoka Italia, na sikuona mahali mambo hayo mawili yanapogongana. Mama yangu mwenyewe alikuwa hai, mwenye afya, na hakuwahi kufika Italia.

Siku moja ya mwezi wa kwanza mchukuzi mmoja aliipiga meza yangu kwa mkokoteni, mikanda ikamwagika, nami nikamtukana kwa Kiswahili, lugha ambayo niliamini ni salama kwa matusi pale sokoni. "Matusi ya bara hayo," sauti ikasema nyuma yangu. "Kwetu Unguja ungepakwa pilipili mdomoni." Nikageuka nikaona kikongwe mwembamba wa Kihindi, mweupe kama karatasi ya kufungia mkate, soksi nyeupe, kapu la mboga mkononi. Ndivyo nilivyokutana na Bi Khorshed. Aliokota mkanda mmoja, akaukunja, akaunusa. "Huu ngozi?"

"Ngozi ya kweli, mama. Ya Italia. Fifty rand."

"Ya mnyama gani?"

"Ng'ombe."

"Ng'ombe wa Italia."

"Iko ng'ombe kule pia, mama."

Alipiga hatua mbili hadi kwenye jiko la jirani yangu, akaichomeka ncha ya mkanda motoni chini ya sufuria ya vichwa, akangoja. Ncha ikajikunja, ikadondosha tone jeusi, ikanuka kama ndoo inayoungua. "Ngozi ikiungua hunuka nywele," akasema. "Ng'ombe wako huyu kazaliwa kiwandani." Mama wa vichwa hakujua neno moja la Kiswahili, lakini alielewa kila kitu, akacheka mpaka upawa ukamponyoka. Nikamwambia bibi ameniharibia mali. Akasema atalipa, ila atalipa bei ya plastiki. Nikataja thirty, akasema twenty, na juu yake nimwambie kweli nakaa wapi. Kwa kuwa hapakuwa na faida ya kudanganya, nilimwambia kweli: chumba kimoja karibu na bahari, watu saba, kitanda kwa zamu. Akanitazama kama alivyoutazama mkanda. "Mie nina chumba kitupu Sydenham," akasema. "Mume wangu kafa, na tangu afe sina wa kusema naye Kiswahili ila kuku wa jirani."

Kodi ilikuwa six hundred. Nikasema four. Akasema six hundred. Nikasema four fifty na kufagia uwanja. Akasema six hundred. "Mama, huku siyo kupatana," nikalalamika, "huku ni kurudia." Akaniambia, "Bei ni ile ile niliyoifikiria. Ningekuwa nataka mia tano ningesema mia tano." Sikuwahi kukutana na mtu wa namna hiyo. Nilidhani ni mbinu mpya, nikaamua nihamie niisome kwa karibu. Leo, baada ya miaka kumi na saba ya biashara, naweza kusema kwamba haikuwa mbinu, na kwamba ndiyo mbinu pekee ambayo sijaweza kuishinda.

Jinsi Mparsi, yaani Mhindi wa dini ya kale ya Uajemi, mzaliwa wa Shangani, Unguja, alivyofika kuwa mjane katika kilima cha Sydenham ni hadithi yenye meli mbili na shemeji mmoja. Naziruka hizo pia. Nyumba yenyewe siiruki. Ilikuwa na sakafu ya mbao iliyolia kila ubao kwa sauti yake, dari ya bati lililochongwa maua, na jiko kubwa lililonuka bizari nyembamba na siki. Alikula mayai juu ya kila kitu: mayai juu ya bamia, mayai juu ya viazi, mayai juu ya nyanya, na siku moja aliyaweka juu ya mayai mengine. Samaki alimpaka chatne ya kijani ya giligilani na nazi, akamfunga ndani ya jani la mgomba, akampika kwa mvuke. Nikamwambia hiyo kwetu tunaiita liboke, na kwamba ni yetu. Akaniambia babu zake walikuwa wakifunga samaki kwa majani nchini India kabla babu zangu hawajauona mgomba. Tukabishana mpaka samaki akapoa. Ninavyokumbuka, ndiyo siku ya kwanza tangu nitoke Uvira niliyogombana na mtu kuhusu jambo lisilo na hatari, na niliona raha kama mtu aliyevua viatu.

Kwenye rafu ya sebule, chini ya picha ya mzee mwenye ndevu na mavazi meupe aliyeinua kidole kimoja juu, palikuwa na taa. Ilikuwa glasi tu: nusu maji, juu yake mafuta, na juu ya mafuta utambi unaoelea. Kando yake palikuwa na picha ya marehemu mumewe. Taa iliwashwa siku aliyokufa mume, kama desturi yao inavyotaka, na Bi Khorshed hakutaka izimike tena. Kila utambi ulipokaribia kwisha aliwasha mpya kutoka kwa wa zamani, hivyo moto ulikuwa ule ule. Miaka minne na mwezi mmoja, aliniambia nilipohamia, na hakuongeza hata siku. Jioni alifunika nywele kwa kitambaa, akaweka makaa na ubani kwenye chetezo cha fedha, akazunguka chumba kwa chumba akisoma sala kwa lugha ambayo, alisema, imekufa midomoni mwa watu wote isipokuwa mbele za Mungu. Akafika na kwangu. Nguo zangu zikaanza kunuka ubani, na rafiki yangu Espérance, Mrundi aliyesuka nywele kwenye saluni moja ya mjini, akanivuta shati akaninusa. "Riziki, weye ni muzima? Wanasema ule bibi anaabudu moto."

Nikamuuliza bibi mwenyewe, Jumapili, tukimenya vitunguu. Hakukasirika. "Wewe kanisani kwenu wautazama msalaba," akasema. "Waabudu mbao?" Moto, akaniambia, ni upande wa kutazamia, kama mtu anayesema nawe anavyokutazama usoni. Wameuchagua kwa sababu ni safi na hauna upendeleo. "Ukigusa ngozi wasema ngozi. Ukigusa plastiki wasema plastiki. Wewe waujua." Nikamuuliza dini hiyo ina umri gani. Akasema ilianza kabla ya Yesu wangu na kabla ya Mtume wa majirani zake wa Shangani, kwa wafugaji wa pande za mashariki ya Uajemi. Miaka elfu tatu, wengine wanasema zaidi, wengine wanasema pungufu. "Kadiria," nikamwambia. "Sikuwepo," akajibu. "Sikadirii."

Basi palikuwa na kuhani aitwaye Zarathustra, ndiye yule mzee wa pichani, na watu wake walikuwa na miungu mingi na kila mungu alikuwa na bei yake. Alipofika miaka thelathini alikwenda mtoni alfajiri kuteka maji ya ibada, na alipotoka majini akamkuta mmoja anayeng'aa ukingoni, na jina la yule anayeng'aa lilikuwa Nia Njema. Huyo akampeleka mbele ya Ahura Mazda, maana yake Bwana Mwenye Hekima. Kuanzia hapo akafundisha kwamba Mungu ni mmoja, ni mwema mtupu, na ubaya hautoki kwake hata chembe. Ubaya una roho yake nyingine, na kazi ya roho hiyo ni Uongo. Dunia yote ni ugomvi baina ya kweli na uongo, na hakuna anayeutazama ugomvi huo kutoka nje. Kila mtu huchagua kila siku, kwa mawazo, kwa maneno, kwa matendo. "Alihubiri miaka kumi," Bi Khorshed akasema. "Unajua alipata wafuasi wangapi?"

"Elfu?"

"Mmoja. Binamu yake."

"Na akaendelea? Mimi nikikaa siku tatu bila mteja nahamisha meza."

"Ndo maana wewe wauza mikanda," akasema, "na yeye akampata mfalme." Mfalme mmoja alikuja kumwamini baadaye, na baada ya mfalme zikaja dola kubwa za Uajemi. Wale mamajusi wa Biblia yangu, waliofuata nyota mpaka Bethlehemu wakiwa na dhahabu, uvumba na manemane, walikuwa makuhani wa kwao. Hilo alilisema kwa unyenyekevu wa mtu anayeonyesha nyumba kubwa ya mjomba wake. Mimi ambaye miaka yote nilikuwa nimewaimba mamajusi wakati wa Noeli nikamtazama kikongwe mwenye kitunguu mkononi, nikajisikia kama nimepanga chumba ndani ya Biblia.

Alinionyesha pia mkanda wake. Nilimwomba kwa sababu ya kazi yangu, na akaelewa. Wanavaa kamba ya sufu ya kondoo kiunoni, juu ya shati jeupe jepesi, nao huifunga na kuifungua wakisali. Alitoa mpya kutoka droo ya mwisho, haijavaliwa bado, na kuniambia ina nyuzi sabini na mbili, kila uzi sura moja ya kitabu chao cha ibada. Nikahesabu nikapata sabini na moja. Nikahesabu tena nikapata sabini na mbili. Inazungushwa kiunoni mara tatu: mawazo mema, maneno mema, matendo mema. Nikauliza inauzwa bei gani. Akasema asiyezaliwa kwao hawezi kuivaa, wao hawamtoi mtu katika dini yake wala hawamwingizi katika yao. "Mama, hiyo duka iko na mlango wa kutoka tu," nikamwambia. "Itafilisika." Akacheka, kisha akaanza kuikunja kamba, na nikajua nimegusa kidonda, maana walikuwa wamebaki wachache, hata wa Durban nzima angeweza kuwataja kwa majina. Ili kubadilisha maneno akanieleza daraja. Alfajiri ya siku ya nne baada ya kufa, roho hufika kwenye daraja, na pale humkuta msichana anayeingoja. Kwa mtu mwema msichana ni mzuri na daraja ni pana kama barabara. Kwa mwovu msichana anatisha na daraja ni jembamba kama makali ya wembe. Msichana huyo ni dhamiri yako mwenyewe, umemtengeneza wewe, siku kwa siku.

"Hakuna wa kupatana naye pale?" nikauliza.

"Utapatana na nani, Riziki, nawe ndiye muuzaji na mnunuzi?"

Mwezi wa tano Bi Khorshed aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Walipomtoa mlangoni kwenye machela alinishika mkono, na hakuzungumza habari za nyonga. "Utambi kila asubuhi. Mafuta uongeze kabla hayajashuka kwenye mstari wa glasi. Na usiupulize. Usipulize kamwe. Makuhani wetu hufunika kinywa mbele ya moto, pumzi isiuguse." Nikamwambia hakuna shida. Juma hilo hilo watu walianza kuwafukuza wageni, Johannesburg kwanza, halafu huku kwetu. Warwick nilikunja meza. Espérance alitolewa chumbani kwake na mizigo yake ikabaki humo. Yeye na watoto wawili wakalala kwenye hema, uwanjani mwa kanisa, pamoja na mamia ya wengine. Mimi nilikuwa na nyumba nzima ya mbao juu ya kilima, yenye mlango unaofungwa kwa funguo mbili. Nilifunga zote mbili, nikarudi kuhakikisha.

Mwaka ule pia umeme ulikuwa unakatwa kila mara. Jumatano, tarehe ishirini na nane, ukakatwa jioni na haukurudi, nikawasha mishumaa miwili, mmoja jikoni, mmoja ukumbini. Asubuhi niliamka nikiwa na haraka, kwa sababu nilitaka kumpelekea Espérance blanketi na mkate kabla barabara haijachangamka. Nikapita jikoni, fuu. Nikapita ukumbini, fuu. Nikapita sebuleni, blanketi kwapani, akili yangu imeshafika kwenye hema, fuu. Kisha nikanusa utambi. Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili niliwasha mioto miwili na kuzima mitatu. Ilikuwa saa moja na dakika kumi. Moshi mwembamba ulipanda ukapita mbele ya kidole cha yule mzee wa pichani, ukapita mbele ya uso wa mume wa Bi Khorshed, ukaisha.

Nilikata taulo langu jeupe kwa kisu cha mkate, nikajifunga kipande mdomoni na puani, kana kwamba sasa ndiyo ingesaidia kitu, nikawasha kiberiti. Dakika mbili tu. Moto uliporudi ulikuwa mdogo ule ule, wa manjano ule ule. Nilisimama nikiutafuta tofauti kama ninavyotafuta kasoro kwenye noti, sikuiona. Hakuna mtu duniani ambaye angeiona. Nilipofika kwenye hema nikamweleza Espérance, nikidhani atacheka. Hakucheka.

"Unataka kumwambia?"

"Sijui."

"Usimwambie. Moto iko moto tu. Kiberiti chako na chake, vyote si vya duka?" Alikuwa anamsuka mtoto wake, hakuniangalia. "Akikufukuza unakuja wapi? Hapa? Hapa tumejaa. Weye uko na mlango, Riziki. Mlango."

Alikuwa na haki. Kwa siku kumi na moja nilikuwa nalala nikipiga hesabu ile ile. Upande mmoja palikuwa na mlango wenye funguo mbili, katika mwezi ambao mlango ulikuwa na thamani kuliko pasipoti. Upande wa pili palikuwa na nini? Dakika mbili. Nilikuwa nimesema uongo mara nyingi kuliko mikanda yote niliyouza, tena kwa faida ndogo kuliko hii, na hapa sikutakiwa hata kusema. Nilitakiwa kunyamaza tu. Jambo lililonisumbua halikuwa daraja lake wala jehanamu yangu. Lilikuwa ile six hundred. Mwanamke yule alikuwa amenitajia bei moja mara tatu bila kunidanganya hata kwa hamsini, na mimi ningekaa nyumbani kwake nikimsikia akiwaambia watu idadi ya siku ambayo mimi peke yangu najua kuwa ni ya plastiki.

Alirudi Jumatatu, tarehe tisa Juni, na fimbo ya miguu minne na muuguzi wa kumsindikiza. Kabla ya kukaa aliosha mikono, akafunika nywele, akaenda kwenye rafu. Akamwambia muuguzi kwa Kiingereza, kwa fahari, kwamba taa hii haijazimika tangu mumewe afariki, miaka minne na miezi sita. Muuguzi akasema ni ajabu, akaaga. Nikasubiri gari liondoke. Nikamwambia, "Bi Khorshed, si kweli. Niliizima."

Hakugeuka. "Lini?"

"Tarehe ishirini na tisa. Saa moja na dakika kumi asubuhi."

"Kwa nini?"

"Kwa pumzi. Kwa kusahau. Nilikuwa nazima mishumaa."

"Ukawasha saa ngapi?"

"Na dakika kumi na mbili. Kwa kiberiti. Mara hiyo nilifunika kinywa."

Akakaa kwenye kiti polepole, nyonga ikimuuma, akamtazama mumewe pichani. Kisha akaanza kusema naye kwa Kigujarati, kwa sauti ya chini, muda mrefu. Sikuelewa neno isipokuwa jina langu, mara mbili. Nilienda chumbani nikaanza kukunja nguo. Nilikuwa nimefika kwenye sketi ya tatu nikasikia fimbo ikija ukumbini, mguu baada ya mguu, na ubao wa mlangoni kwangu ukalia.

"Wafanya nini?"

"Nakunja."

"Chumba kimekosa nini?" akauliza. "Lete kalamu. Na kalenda ya jikoni."

Akaandika mwenyewe kwenye kalenda. Akahesabu kwa kidole, nami nikahesabu nyuma yake. Siku kumi na moja. "Basi taa hii ina siku kumi na moja," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu na sauti yake ilikuwa ya sokoni. "Na kuanzia leo mafuta wanunua wewe." Nikamwomba tugawane nusu kwa nusu. "Mafuta wanunua wewe," akasema, na hapo nikajua nimesamehewa, kwa sababu bei ilikuwa ni ile ile aliyoifikiria.

Ningeweza kuishia hapo, lakini kilichonipa kiburi nilicho nacho mpaka leo kilikuja mwezi wa nane. Kwa hesabu ya Waparsi ndipo mwaka wao mpya huanguka. Mpwa wake alikuja kutoka Johannesburg na mumewe na wakwe, watu tisa, viatu vizuri vyote vya ngozi, niliviangalia. Bi Khorshed alipika tambi za sukari na zabibu, na mayai, na samaki wa majani. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni na sinia. Mume wa mpwa, mtu mkubwa mwenye sauti kubwa, akawapeleka wazazi wake kwenye rafu, akawaeleza kwamba taa ya shangazi haijazimika tangu siku ya msiba. Bi Khorshed alikuwa anaweza kunyamaza. Angekula tambi zake tu. "Hapana," akasema. "Tangu tarehe ishirini na tisa Mei." Mama mkwe akauliza nani aliizima. Bi Khorshed akaninyooshea kidole, akasema maneno mengi kwa Kigujarati, na watu tisa wakageuka kunitazama mimi na sinia langu. Nilidhani sakafu ile ya mbao ingenimeza. Kisha akageuka, akanitafsiria mbele yao, polepole, "usije ukasema nimekusengenya":

"Nimewaambia huyu ndiye aliyeizima. Nimewaambia alinieleza mwenyewe, wakati hakuna aliyemwona, na wakati watu wake wanalala mahemani. Nimewaambia nimeishi na Waparsi miaka sabini na minne, na humu chumbani sijui ni wangapi wangenambia."

Yule mtu mkubwa akachukua samaki kwenye sinia langu, akaniambia asante kwa Kizulu, ndiyo lugha aliyodhani ni yangu. Nimewahi kupata vyeti baadaye, na kibali cha kukaa, na duka lenye jina langu juu ya mlango. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo nilichokipokea nimesimama wima kama siku ile.

Nyumba iliuzwa Desemba, nyonga ikampeleka Johannesburg kwa mpwa wake. Mimi nilishaanza kuuza kwa namna yangu mpya. Mteja akiuliza kama ni ngozi, nasema ni plastiki, nzuri, itakaa mwaka. Saba wa kudumu waliondoka palepale. Walipenda Italia yao. Mama wa vichwa alinihurumia, akaniletea nyama ya shavu bure.

Asubuhi ya siku ya nne tangu simu ile, niliamka saa kumi na moja, nikasimama kwenye ngazi za nyuma mpaka kukapambazuka. Sikumwambia mchungaji wangu. Nilikuwa nawaza daraja, na jinsi ambavyo yule msichana lazima alikuwa amevaa soksi nyeupe.

Sasa nimeifungua karatasi. Ni mwandiko wake, na ni orodha ya kila mara taa ilipozimika, tarehe na sababu. Upepo. Kuhama nyumba. Hospitali. Upepo. Mafuta mabaya. Upepo. Mistari kumi na miwili, na kila mara alianza kuhesabu upya toka siku ya kwanza, mpaka alipokaribia kuwa kipofu. Katika orodha yote mna jina la mtu mmoja, mstari wa kwanza kabisa: "29 Mei 2008. Riziki. Kasema mwenyewe." Nimejaza maji nusu glasi, nimeweka mafuta, nimejifunga kitambaa mdomoni, nimewasha. Taa ina umri wa saa moja na nusu.

Basi, kwenu wengine. Kama ulinunua mkanda Warwick, chini ya daraja, kati ya Januari na Juni ya mwaka ule, kwa msichana wa Uvira aliyekuapia kwa mama yake kwamba ni ngozi ya Italia, haukuwa ngozi. Niliuza mia tatu na kumi na sita. Nimehesabu mara mbili. Mpaka leo wamerudi wanne, nikawarudishia pesa zao. Nawaomba waliobaki mje, na mkanda, au na bizimu peke yake kama ndiyo iliyosalia. Waulizeni kina mama wanaochemsha vichwa vya ng'ombe, watawaonyesha duka. Wengine nilikuuzieni kwa fifty, wengine mlinishusha mpaka thirty, na risiti sikumpa mtu. Niambie tu ulilipa kiasi gani. Nitaamini.